Mgonjwa Aliye Mbali na Macho ya Bwana Wake

Zamani mfanyakazi akiugua, ugonjwa wake ulijitangaza wenyewe. Ama kiti chake ofisini kilikuwa kitupu, ama alifika akitetemeka, wenzake wakamwona, wakampa pole, na msimamizi akamruhusu arudi kwake. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu ugonjwa wa korona ulipoenea ulimwenguni mwaka 2020, watu wengi wa kazi za kalamu na hesabu wamezoea kufanya kazi nyumbani mwao, kwa kompyuta na intaneti. Bwana wao yumo katika mji mwingine, pengine katika nchi nyingine. Haoni macho mekundu, wala hasikii meno yakigongana kwa baridi ya homa. Aona tu kwamba barua zimejibiwa na hesabu zimefika. Ndipo linapozaliwa swali linalosumbua nyumba nyingi: Je, niseme kwamba naumwa, au ninyamaze?

Na tumfikirie baba mmoja wa nyumba, mtunza hesabu. Homa yamshika usiku. Asubuhi ajifunika blanketi na kuweka kompyuta juu ya magoti kitandani. Simu yalia. Amwambia mwanawe wa miaka tisa aipokee na kusema, "Baba yuko katika mkutano." Mama ataka waende zahanati, yeye ajibu, "Kesho, nikimaliza hesabu za mwezi." Kwa nini afanya hivyo? Si kwamba apenda uongo. Aogopa. Mkataba wake u karibu kwisha, karo ya shule haijatimia, naye adhani kwamba mtu asiyeonekana, akisema ni mgonjwa, atahesabiwa kuwa mvivu. Hofu hiyo si upuuzi, nasi hatuthubutu kuicheka.

Maandiko Matakatifu yatuonyesha mabwana wawili. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli twasoma habari za kijana Mmisri, mtumwa wa Mwamaleki. Aliugua njiani, na bwana wake akamwacha porini kama chombo kilichovunjika. Siku tatu hakula wala hakunywa, mpaka watu wa Daudi walipomwokota na kumpa mkate, maji, tini na zabibu kavu. Huyo ndiye bwana ambaye kila mfanyakazi amwogopa. Lakini Injili yatuonyesha bwana wa namna nyingine, yule akida wa Kafarnaumu. Mtumishi wake alikuwa amelala nyumbani, hawezi, akiteseka mno. Akida hakuuliza ni nani atakayefanya kazi yake. Alimtafuta Bwana Yezu na kumwombea. Maneno yake ya unyenyekevu yamempendeza Mungu hata Kanisa layarudia katika kila Misa kabla ya Komunyo Takatifu. Basi tutambue jambo moja jepesi: akida aliweza kumwombea mtumishi wake kwa kuwa alijua kwamba ni mgonjwa. Ugonjwa uliofichwa wamnyima hata bwana mwema nafasi ya kutenda wema.

Yatupasa basi tufanye nini? Kwanza tupime ugonjwa wenyewe. Mafua madogo yasiyoharibu kazi hayahitaji kutangazwa. Mtu afanye kazi yake kwa amani. Lakini ikiwa kichwa chazunguka, tarakimu zachanganyika, na mwili wadai kitanda, hapo kunyamaza si ushujaa tena. Ni kumwuzia bwana kazi mbovu kwa bei ya kazi nzima, na hesabu iliyokosewa yaweza kumdhuru mtu wa tatu asiye na hatia. Tena ni kucheza na uhai ambao Mungu ametukabidhi, naye katika amri ya tano atuagiza kuulinda. Malaria isiyotibiwa mapema yaweza kugeuka kali na kuua. Wazee wetu walilijua jambo hili waliposema: Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pili, tutofautishe kusema kweli na kusema yote. Amri ya nane yatukataza uongo, lakini haitulazimishi kumfungulia kila mtu siri zetu. Katekisimu ya Kanisa yafundisha kwamba si kila aulizaye ana haki ya kuambiwa kila kitu. Bwana wa kazi ana haki ya kujua kwamba leo huwezi kazi, lini watumaini kurudi, na ni kazi gani isiyoweza kungoja. Jina la ugonjwa, kwa kawaida, ni jambo lako na daktari wako. Mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu, au mwenye virusi vya UKIMWI, anayetumia dawa zake na kutimiza kazi yake vema, hatendi dhambi akinyamaza. Ni kweli iliyo kamili kuandika: "Leo naumwa, siwezi kazi, nakwenda kupimwa, nitaleta cheti cha daktari." Lakini kusema "niko mkutanoni" ni uongo.

Tatu, tujue haki zetu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi aliyetimiza masharti yake likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 za pili kwa nusu mshahara. Sharti ni cheti cha daktari anayetambuliwa. Basi anayeficha ugonjwa kwa hofu ya mshahara, mara nyingine akimbia kitu ambacho sheria imekwisha kumpa. Twajua kwamba wapo wanaolipwa kwa kazi moja moja, wasio na likizo yoyote. Hao hatuwezi kuwaahidi kwamba ukweli hautawagharimu kitu. Twawaambia tu kwamba kuomba siku mbili leo ni nafuu kuliko kulazwa wiki mbili kesho, na kwamba jumuiya ndogondogo zisiwaache pekee yao siku hizo.

Wala tusidhani kwamba kukiri udhaifu ni aibu. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, aliyeweka Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992, hakuuficha mwili wake uliotetemeka mbele ya ulimwengu mzima. Na tarehe 11 Februari 2013, siku hiyohiyo ya wagonjwa, Papa Benedikto wa Kumi na Sita aliwatangazia makardinali kwamba nguvu zake hazitoshi tena kwa kazi yake. Mmoja alibaki kazini mpaka kufa, mwingine alishuka; lakini hakuna kati yao aliyejifanya mzima.

Nanyi mabwana wa kazi, neno hili ni lenu pia. Mfanyakazi msiyemwona bado ni mtu mwenye mwili. Papa Leo wa Kumi na Tatu aliwakumbusha matajiri mwaka 1891 kwamba wafanyakazi si vyombo vya kuchumia faida. Akisema anaumwa, neno lenu la kwanza liwe pole, na swali la kazi lifuate nyuma. Mkimdhania uvivu kila augualo, mwamfundisha kuwadanganya. Na siku mtakapohitaji kweli kutoka kwake, hamtaipata.

Turudi nyumbani kwa yule mtunza hesabu. Homa yake itapona, Mungu akijalia. Lakini mtoto aliyeshika simu amejifunza siku ile kwamba uongo ni dawa ya hofu, na somo hilo halitoki upesi kama homa. Ni heri baba amwite kando ya kitanda, akiri kwamba alikosea, kisha aandike barua fupi ya kweli kwa bwana wake mbele ya macho ya mtoto, afunge kompyuta, na kumwacha mama ampeleke zahanati. Mshahara wa mwezi huu utakwisha mwezi huu; lakini mtoto aliyeona baba yake akisema kweli katika hofu, amepata urithi wa kumtosha maisha yake yote.

Kristo, Mganga wa miili na roho zetu, awaponye wagonjwa wote, wale waonekanao na wale wasioonekana.