Nakala ya Faranga 50

Duka la fotokopi tunalolitumia hapa Kacyiru, Kigali, karibu na ofisi za wizara, lina mashine moja inayonguruma kama kinu cha mahindi, na dada anayeiendesha hapendi kuharakishwa. Ndipo nilipowakuta bwana na bibi mmoja mwezi Agosti 2023, siku mbili kabla ya safari yao ya Brussels. Ni majirani zangu, kwa hiyo majina nayaacha. Watoto wao wameshakua; wenyewe walikuwa wamejibania fedha mwaka mzima, na sasa walikuwa wanakwenda kutembea na kula siku nne tu, kisha warudi kazini.

Walikuja kutoa nakala ya tiketi. Dada akawauliza, "Na pasi je? Nizitoe mbebe. Faranga 50 kila moja." Alikuwa ameshaiweka ya mama kwenye kioo.

"Acha," bwana akasema. "Nakala zipo nyumbani. Faili zima la visa limejaa nakala."

Ilikuwa kweli. Aliyewahi kuomba visa ya Schengen anajua karatasi zinavyorundikana. Lakini mashine haikusubiri wamalize. Karatasi ya mama ikatoka ikiwa bado ya moto, naye akaikunja mara nne akaitia kwenye kipochi cha chenji. Bwana akalipa hamsini yake huku akiguna. Nilikuwa nyuma yao kwenye foleni na nilicheka pamoja naye, maana mimi mwenyewe sijawahi kubeba nakala popote.

Usiku wa safari bwana akalitia lile faili kwenye droo ya meza, akaifunga kwa ufunguo. Ufunguo akautia kwenye begi la begani. Humo humo zikaingia pasi zote mbili, vitambulisho, kadi za benki na euro. Mkewe alipotaka kubeba pasi yake mwenyewe, aliambiwa vitu vikikaa mahali pamoja huchungwa kwa urahisi. Wezi nao wana maoni hayo hayo.

Brussels waliifaidi, tusiseme uongo. Siku ya kwanza walisimama katikati ya Grand-Place, wakazunguka polepole wakitazama zile nyumba za vyama vya mafundi zilizonakshiwa dhahabu, nyingi zikiwa zimejengwa upya baada ya mizinga ya Wafaransa kuuteketeza mji mwaka 1695. Walikula kitumbua chao kile cha mraba, gaufre, kimenyunyiziwa sukari ya unga iliyomwangukia bwana kwenye koti. Kisha wakaenda kumwona Manneken Pis, kisanamu cha mtoto anayekojoa. Bwana alivunjika moyo. Alitegemea sanamu ya maana, akakuta kitoto cha shaba kinacholipita goti la mtu mzima kidogo tu, kimewekwa juu ya ukuta ili kionekane, na umati umenyanyua simu.

Mama ndiye aliyeulizia habari zake. Akaambiwa kwamba kile cha mtaani si chenyewe. Kisanamu cha asili ni cha karne ya 17, kimeibiwa mara kadhaa, mara moja kikakutwa kimevunjika vipande, mwishowe mji ukakifungia ndani ya jumba la makumbusho pale pale Grand-Place. Kinachokojoa barabarani ni nakala.

"Baba watoto, unaona? Hata hawa wamekitolea fotokopi."

Bwana alicheka sana. Alilirudia neno hilo kwenye simu, akawasimulia watu wa nyumbani kama utani wa safari.

Jumamosi, saa saba mchana, wakaketi nje ya mgahawa mmoja kula chakula walichokijia: kome waliochemshwa kwa mvinyo mweupe, kitunguu na seleri, wakaletwa kwenye sufuria nyeusi, sufuria nzima kwa kila mtu, pamoja na chipsi, au ifiriti kama tunavyosema Kigali. Wenyeji wana namna yao ya kuwala. Unamla kome wa kwanza, kisha gamba lake tupu, ambalo bado limeshikana mgongoni, unaligeuza koleo: unalibana kwa vidole viwili na kuwanyofoa wenzake mmoja mmoja. Bwana aliijua mbinu hiyo mapema kuliko mkewe, na akataka arekodiwe akiifanya. Begi akalitundika mgongoni mwa kiti. Mama akashika simu. Mikono miwili ya bwana ikawa kazini, mchuzi ukimtiririka hadi kwenye kifundo, naye akieleza kama mwalimu. Video ya sekunde arobaini ikapandishwa kwenye status hapo hapo.

Kiangazi saa za Brussels na za Kigali ni zile zile. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Huku Kacyiru tumetoka kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, majembe yameegemezwa ukutani, kila mtu ameketi na simu. Tuliiona video ile kabla sufuria haijaisha. Shemeji yake akapiga.

"Shemeji, pole na kula. Huyo anayechukua begi nyuma yako ni nani?"

"Mhudumu huyo," bwana akajibu, mdomo umejaa. Kisha akageuka.

Polisi waliandika ripoti, wakawapa karatasi. Bima waliyolazimishwa kukata kwa ajili ya visa, ile ya kiwango cha chini cha euro 30,000, bwana aliitegemea kama mwamba. Akaja kugundua kwamba inahusu kuugua, kulazwa na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au maiti. Kuhusu begi lililotundikwa kitini haisemi neno. Wachache huisoma, sisi huikata kwa sababu fomu inaitaka.

Ubalozi ulikuwa umefungwa hadi Jumatatu. Walikuwa na euro 35 za mama, zilizokuwa kwenye kipochi pamoja na ile karatasi. Walijibanza kwa jamaa wa jamaa huko Matonge, mtaa wa Ixelles uliorithi jina la mtaa wa Kinshasa, ambako mama mmoja wa Bukavu aliwapakulia sombe na wali, akawapa pole kwa Kiswahili na hakutaka kulipwa.

Na hao walikuwa na bahati, kwa kuwa ubalozi wa Rwanda ulikuwa mji huo huo. Tarehe 17 Machi 2025 Rwanda ilikata uhusiano wa kidiplomasia na Ubelgiji, na Wanyarwanda walioko kule wakaelekezwa kwenye ubalozi wa The Hague, Uholanzi. Hebu mfikirie mtu aliyeibiwa hadi nauli akiambiwa apande treni avuke mpaka.

Jumatatu mama aliikunjua karatasi yake kwenye kaunta: namba ya pasi, tarehe, picha, vyote vinasomeka, ila mkunjo umepita kwenye pua. Kufikia Jumanne alikuwa na lesepase ya kurudia nyumbani. Ya bwana ilibidi kwanza ithibitishwe. Namba ya pasi hakuikumbuka. Ya kitambulisho ina tarakimu 16; alikumbuka mwaka wake wa kuzaliwa uliomo ndani yake, basi. Wale wa nyumbani walimwambia wavunje droo, naye akakataa, akasema isiguswe mpaka mkewe awepo.

Kwa hiyo mama watoto akapanda ndege ya Jumanne usiku peke yake, kiti cha pembeni kikiwa kitupu na kimelipiwa.

Jumatano asubuhi nilimwona akiingia na fundi seremala. Kitasa kilivunjwa kwa pigo la tatu. Faili lilikuwa juu kabisa, nakala tano za pasi ya bwana zimebanwa kwa klipu, safi. Akapiga picha, akatuma. Fundi akataja faranga 5,000, akajiandaa kubishaniwa bei. Mama akamlipa bila kupunguza, kisha akaniomba nimsindikize kule kwenye fotokopi.