Mtoto wa Wote, Nani Anamjibia?

Kila mara tunapokutana kuzungumza juu ya desturi, kuna neno moja ambalo halikosi kusemwa, na mara nyingi anayelisema ni mzee ambaye hakuna anayetaka kumkatiza: "Zamani mutoto alikuwaka wa bote." Tunatikisa vichwa, tunakubali, tunapita kwenye neno lingine. Hata methali iko tayari kutusaidia: mkono mmoja haulei mwana. Lakini tukilishika neno hilo na kuligeuza-geuza, tunaona si jepesi. Kitu cha wote, siku kinaharibika, nani anaulizwa? Barabara ya wote tunaiona vile iko. Basi mtoto wa wote, siku ana homa, siku amefukuzwa kwenye masomo, siku amelala sokoni juu ya meza ya wauza samaki, nani anamjibia?

Safari hii tumetaka kulipima swali hilo pamoja na watu ambao hatuwaiti sana katika kijitabu hiki, ni kusema wanavyuoni wa saikolojia, wale ambao wanapewa fedha na miaka ili waangalie namna watu wanalea watoto. Wengine kati yao walikuja kwa jirani zetu Uganda, wengine walifika hapa kwetu, katika msitu wa Ituri. Walichokiona kinatuhusu, na mara nyingi tunakisikia nusu.

Tuanze kwa kifupi na mzizi wa mambo. Baada ya vita vya 1939-1945, Ulaya ilijaa watoto wasio na wazazi. Mwaka wa 1951 daktari Mwingereza John Bowlby aliandikia Shirika la Afya Ulimwenguni ripoti iliyosema kwamba mtoto mdogo anahitaji upendo usiokatika wa mama, ao wa mtu mmoja anayeshika nafasi ya mama. Mama mmoja aliyekuwa amefanya kazi naye London, Mary Ainsworth, alimfuata bwana yake Kampala mwaka wa 1954, na huko akaanza kutembelea familia 26 za Waganda. Alikuwa amesikia kwamba Waganda, wakimwachisha mtoto kunyonya, wanamtuma kwa nyanya yake, naye alitaka kuona utengano huo unamfanyia mtoto nini. Kumbe alipofika alikuta wengi wameshaiacha desturi hiyo. (Tunalisema kwa faida ya wale wanaoamini kwamba desturi zetu zilikaa bila kuguswa mpaka simu za mkononi zilipofika.) Akabaki kuangalia watoto na mama zao, na kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka wa 1967.

Alipohamia Baltimore, Marekani, alitengeneza kipimo ambacho wanafunzi wa saikolojia wanakijua duniani kote: chumba kimoja, vitu vya kuchezea, mama anatoka, mgeni anaingia, mama anarudi, muda wote karibu dakika 20. Namna mtoto anavyompokea mama akirudi, ndiyo inayosema kama anamtegemea kwa usalama ao hapana. Hatudharau kazi ile. Lakini tunauliza: kwa mtoto wa parsele yenye watu kumi na wawili, ambaye tangu asubuhi anapita mgongo kwa mgongo, mgeni kuingia ni habari gani?

Jibu moja la swali hilo lilitoka kwetu. Katika miaka ya 1980, wakati nchi ilikuwa inaitwa Zaire, Edward Tronick, Gilda Morelli na wenzao walikaa Ituri kati ya Waefe, wale Wambuti wanaoishi jirani na Walese. Mwaka wa 1987 walitangaza walichokihesabu. Wakati wa mchana walikuwa wakiandika, kidogo kidogo, ni nani ameshika mtoto. Katika majuma 18 ya kwanza ya maisha yake, mtoto mmoja alishikwa na watu 14 hivi, kwa wastani. Akiwa na majuma matatu, alikuwa mikononi mwa watu wasio mama yake kwa 39 kwa mia ya wakati. Akifikia majuma 18, ilikuwa 60 kwa mia. Wanawake wengine walimnyonyesha pia, si mama yake peke yake. Na mtoto hakuharibika! Bila kelele nyingi, jambo hilo lilitikisa wazo la kwamba bila mama mmoja wa kila saa mtoto anapotea.

Unaweza kufikiri namna sisi watu wa desturi tulivyofurahi. "Mumeona? Hata wazungu banakubali." Tangu siku hiyo Waefe wamekuwa ushahidi wetu katika kila mkutano. Tunasema nusu hiyo, halafu tunanyamaza.

Nusu ya pili ni hii. Usiku mtoto yule alilala na mama yake, na mama hakupoteza nafasi yake ya kwanza kati ya wote. Tena kambi ya Waefe ni kambi ndogo, vibanda vichache vinavyotazamana. Mtoto akilia, hakuna anayeweza kusema hakusikia. Watu wale 14 hawakuwa "wote". Walikuwa shangazi fulani, dada fulani, koko fulani, kila mmoja anajulikana kwa jina, na kila mmoja anajua kwamba ameonekana. Mtu akimwachilia mtoto aanguke karibu na moto, jioni neno lake litazungumzwa. Kwa hiyo walichokihesabu wanavyuoni, kwa maoni yetu, si wingi wa mikono tu. Walihesabu mikono yenye majina.

Na tukiangalia desturi zetu zingine, tunakuta vilevile. Kwa Bashi, mtoto ni wa ukoo wa baba, na kila mtu anajua baba mkubwa yupi atasimama kama baba hayupo. Kwa Babemba wa Katanga, wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno. Kijana wa Kilega hakuingia katika bwali, yaani jando la kwao, bila mkubwa wa kumsimamia. Majina ya wenye kazi yanabadilika kutoka kabila hadi kabila, lakini kazi haikubaki hewani. Ndiyo maana tunathubutu kusema kwamba neno "mutoto wa bote", vile tunalisema leo, si neno la wazee. Ni kifupi cha neno la wazee, na katika kufupisha tumeangusha kitu cha maana.

Tuangalie sasa mjini. Mtoto ana miaka minane, kule mukini vita vimepita, ao shamba halitoi tena. Familia inakaa. Inaamuliwa: "Uende kwa baba mudogo, Bukavu, atakusomesha." Hakuna anayeuliza baba mdogo ana vyumba vingapi, wala bibi yake amesema nini. Mtoto anapanda lori na nguo mbili katika sashe. Akifika, mwaka wa kwanza anasoma. Mwaka wa pili anaamka mbele ya wote kuchota maji, na mchana anazungusha mandazi. Akigonjwa, baba mdogo anasema, "Wamuite baba yake." Baba anasema, "Yuko kwa mudogo wangu." Shangazi anasikitika sana, kwa simu. Mikono ni mingi kweli, na kila mmoja unangojea mwingine.

Na kuna siku mbaya kuliko hiyo, siku mikono yote inapoinuka pamoja ili kunyoosha kidole. Biashara imeanguka, mtoto wa nyumba amekufa kwa malaria, na katika nyumba kuna mmoja ambaye si wa tumbo la mama wa nyumba. Tunajua jina ambalo atapewa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu chake cha 160, inaadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Ni sheria nzuri. Lakini ni mara ngapi mtoto anayeshtakiwa ni yule aliyezaliwa na wenye nyumba, wote wawili wakiwa hai? Anayeshtakiwa ni yule "wa wote". Maibobo wengi tunaowapita barabarani hawakukosa ndugu. Ukikaa nao wanakuhesabia ndugu kwa vidole vya mikono miwili.

Hapa tunapenda kuleta jaribio dogo lililofanywa Rochester, Marekani, na kutangazwa mwaka wa 2013 na Celeste Kidd na wenzake. Walichukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Mtu mkubwa aliahidi kila mtoto kwamba atamletea vitu vizuri zaidi vya kuchorea. Kwa nusu ya watoto alivileta kweli; kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu na kuomba msamaha. Kiisha waliwawekea peremende moja laini, wakawaambia: ukingoja bila kuila, tutakuongezea ya pili. Wale waliodanganywa mbele walingoja dakika 3 hivi kwa wastani. Wale waliotimiziwa ahadi walingoja dakika 12. Miaka mingi kabla ya hapo, Walter Mischel wa Stanford alikuwa amefanya majaribio ya peremende ya namna hiyo, na watu wakapenda kusema kwamba asiyeweza kungoja ana roho dhaifu. Kumbe mtoto anaweza kuwa anafanya hesabu sawasawa kabisa: neno la wakubwa hawa halina uzito, afazali nile sasa.

Tukimsikia mzazi anasema, "Vijana wa leo hawana uvumilivu, wanataka yote leo-leo," tunakumbuka jaribio hilo. "Atakusomesha" ilikuwa ahadi. Nani aliitoa, na nani aliibeba? Kijana aliyeahidiwa masomo na ndugu watano, na ambaye leo anavunja mawe ao amebeba bunduki porini, alifundishwa kungoja na nani?

Tuseme neno pia juu ya fedha, kwa sababu zinapitia hapohapo. Mwaka wa 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walikumbusha kwamba watu 96 kwa mia waliochunguzwa katika saikolojia walitoka katika nchi zenye watu 12 tu kwa mia ya watu wa dunia. Anayelipa ndiye anayechagua swali. Watu wa ankete wanapofika kwetu na makaratasi yao, wanamuuliza mama amempiga mtoto mara ngapi mwezi huu, na mama mwenye akili anawapa jibu ambalo mradi unataka kusikia. Hatujaona bado ankete inayouliza: mtoto huyu aliahidiwa nini, na nani?

Fedha za msaada nazo zina njia yake. Mfadhili anapenda nyumba yenye kibao na vitanda vilivyopangwa. Koko aliyebaki na wajukuu sita katika nyumba ya mbao hana kibao. Na hapo elimu ilishasema wazi. Katika Rumania, kuanzia mwaka wa 2000, wanavyuoni wa Marekani walifuata watoto 136 waliokuwa katika vituo vya mayatima. Nusu walipewa familia za kuwalea, nusu walibaki katika malezi ya kawaida ya nchi ile, na ilichaguliwa kwa bahati nasibu. Waliopata familia waliendelea vizuri zaidi, hasa wale waliozipata kabla ya miaka miwili. Unaweza kuuliza kama ilikuwa haki kuacha bahati nasibu iamue mtoto yupi atapata mama. Sisi tunaona swali hilo bado ni zito, hata kama majibu yamesaidia wengi. Lakini baada ya kulipa bei ile, kujenga vituo vipya mahali ambapo koko yuko hai na anaomba msaada ni jambo gumu kueleza.

Kwa hiyo katika kundi letu tulipendekeza jambo la kawaida sana. Familia ikikaa kuhamisha mtoto, na awepo yeye mwenyewe, na yasemwe majina: nani analipa masomo, nani anampeleka hospitali, nani ataitwa kama amepigwa kupita kiasi, nani atakwenda kumtembelea kabla ya Noeli. Tena mtoto arudilie majina hayo kwa kinywa chake.

Mmoja wetu, mtu tunayemheshimu, alikasirika. Alisema tunataka kugeuza undugu kuwa mkataba, na kwamba kati ya ndugu haiulizwake. Tulimjibu kwamba siku ya mahari tunahesabu mbuzi mmoja mmoja, kwa sauti, mbele ya mashahidi wa pande mbili, na hakuna anayesema undugu umeharibika. Anayejaribu kupunguza mbuzi mmoja anasikia. Alicheka, akakubali nusu.

Alibaki na swali lingine, na hilo lilitushinda kupatana. Mtoto ambaye hana tena wa kumkalia kikao, yule aliyeletwa na vita na ambaye hajui hata jina la mukini kwao, majina yake tutayachukua wapi? Wengine walisema kanisa. Wengine walisema chefu wa avenyi, kwa sababu yeye angalau ana daftari. Mama mmoja mwuza sombe, ambaye hakuwa wa kundi letu bali alikuja kumngoja bwana yake, aliuliza kama katika daftari hiyo mtu anaweza kuandikwa yeye mwenyewe, bila kuombwa. Hakuna kati yetu aliyejua la kumjibu, na chefu wa avenyi hakuwapo.