Dawa Iliyoponya na Kuumiza

Mganga akimpa mgonjwa dawa, kansere ikapona, kisha dawa ileile ikamletea ugonjwa wa damu, je, mganga yule amekosa? Swali hili si la mchezo, nasi hatutaki kulijibu kwa haraka.

Dawa kali za kansere, na miali pia, huua chembe zinazozaana upesi. Lakini ndani ya mifupa mna uboho, na katika uboho mna chembe mama zinazozaa damu yote ya mwili. Hizo nazo hujeruhiwa. Kwa watu wachache jeraha hilo hukaa kimya miaka mitano au zaidi, halafu damu huharibika. Ndivyo ilivyompata Robin Roberts, mtangazaji wa televisheni huko Marekani. Alitibiwa kansere ya titi mwaka 2007. Mwaka 2012 akatangaza kwamba uboho wake umeharibika kwa sababu ya matibabu yale.

Sisi twasema mganga hana kosa, ikiwa alimweleza mgonjwa hatari ile, na ikiwa njia iliyo salama zaidi haikuwapo. Bila dawa, kansere ya kwanza ingeweza kumwua mapema. Anayemficha mgonjwa, huyo ndiye mwenye deni. Na wako wanaoficha, wakisema eti mgonjwa ataogopa.

Lakini tazameni ajabu: jeraha lile mganga hawezi kuliponya peke yake. Sharti aende kuomba kwa mtu asiyedaiwa kitu. Uboho mbovu huuawa kwa dawa kali, kisha chembe za mtu mwingine hutiwa katika mshipa kama damu, nazo zenyewe hutafuta njia mpaka mifupani. Na si kila mtu afaaye: hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, ni mmoja tu kati ya wanne anayetazamiwa kulingana na mgonjwa. Robin alipewa na dada yake mkubwa, Sally-Ann, Septemba 2012. Februari 2013 akarudi kazini.

Je, dada angekataa, angelazimishwa? Mwaka 1978, huko Pittsburgh, mgonjwa wa uboho alimshtaki binamu yake aliyemnyima. Hakimu alisema wazi kwamba kunyima kule ni kubaya, lakini hakutoa amri, na mgonjwa akafa. Twaona alihukumu vema, kwa maana mwili wa mtu haukamatwi kama mbuzi wa deni. Hata hivyo, usingizi wa yule binamu hatuutamani. Uboho wa mtoaji hujaa tena baada ya majuma machache tu.