SHUKRANI NI KURUDI



Kila mwaka, Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, Wamarekani huacha kazi na kuketi mezani. Ndiyo Sikukuu yao ya Shukrani. Lakini kabla ya kuketi, husafiri. Mwaka 2024 chama cha wenye magari cha nchi ile, AAA, kilikadiria kwamba watu karibu milioni 80 wangesafiri maili 50 au zaidi kwa ajili ya siku hiyo. Barabara husongamana tangu siku ya kutangulia, na viwanja vya ndege hufurika. Mtu asiyejua aweza kucheka na kuuliza: Je, bata mzinga haliki nyumbani kwako mwenyewe?

Tusicheke. Mtakatifu Luka atusimulia habari za wakoma kumi waliotakaswa na Bwana wetu. Wote kumi walipona wakiwa njiani. Mmoja tu ndiye aliyegeuza safari yake akarudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Wale tisa hawakumtukana Bwana, wala hawakukana kwamba wamepona. Walijiendea zao tu. Basi, twajifunza kwamba shukrani si neno la mdomoni peke yake. Shukrani ni kurudi kwake yule aliyetutendea mema.

Historia ya sikukuu hiyo yatuonyesha hatari ya kutorudi. Mwaka 1620 jahazi Mayflower lilivuka bahari kutoka Uingereza likiwa na abiria 102. Karibu nusu yao walikufa katika majira ya baridi ya kwanza. Waliosalia walivuna mwaka 1621, wakafanya karamu ya siku tatu. Massasoit, mkuu wa kabila la Wampanoag, alifika na watu wapatao 90, wakaleta kulungu watano.

Nani aliwafundisha wageni hao kupanda mahindi? Ni Tisquantum, mwenyeji wa nchi. Mwaka 1614 nahodha mmoja Mwingereza alikuwa amemteka pamoja na wenzake, akawapeleka Málaga, Hispania, awauze utumwani. Watawa wa mji ule waliwatwaa baadhi ya mateka ili wasiuzwe. Baadaye Tisquantum alifika London, na mwaka 1619 akarudi kwao. Alikuta kijiji chake, Patuxet, kimekwisha kabisa kwa maradhi. Juu ya mahame hayo ndipo wageni walipojenga mji wao wa Plymouth. Mtu aliyetekwa na Mwingereza ndiye aliyewasaidia Waingereza wasife njaa!

Je, wema huo ulikumbukwa? Mwaka 1675 vita vilizuka kati ya walowezi na Metacom, mwana wa Massasoit yule yule. Mwaka 1676 Metacom aliuawa, kichwa chake kikatundikwa juu ya mti mle mle Plymouth, na wengi wa watu wake wakauzwa utumwani. Ilikuwa miaka 55 tu tangu baba zao kula pamoja. Ndiyo sababu tangu mwaka 1970 baadhi ya wenyeji wa asili hukutana Plymouth siku hiyo ya sikukuu, si kushangilia, bali kuomboleza. Fadhila isiyorudishwa haifi. Hubaki kuwa deni, na watoto hulipokea pamoja na urithi.

Hata hivyo, sikukuu yenyewe ina mbegu njema. Sarah Josepha Hale, mjane na mhariri wa gazeti la wanawake, aliiombea kwa barua muda wa miaka 17. Mwaka 1863, katikati ya vita vya ndugu kwa ndugu, Rais Abraham Lincoln aliitangaza kwa nchi nzima, akawataka watu wawaombee wajane, yatima na wenye kufiwa. Taifa lililogawanyika liliitwa lishukuru kwa pamoja. Haikuwa shukrani ya watu walioshiba.

Tena wako waliolipa gharama kubwa ili warudi. Katika miaka ya 1950 Wamarekani weusi waliohamia miji ya Kaskazini walisafiri kwa magari siku nzima na usiku kucha kwenda kuwaona wazee wao Kusini. Hoteli nyingi za njiani hazikuwapokea, wala mikahawa haikuwauzia chakula. Victor Hugo Green, mtumishi wa posta wa Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapa kitabu cha kuwaonyesha mahali pa kulala, pa kula na pa kununua petroli bila kufukuzwa. Sheria ya mwaka 1964 ndiyo iliyokataza ubaguzi huo. Wazee husimulia hata leo juu ya kuku wa kukaanga aliyefungwa katika sanduku la viatu, na baba aliyeendesha gari usiku kucha kwa kuwa hapakuwa na kitanda kwa ajili yake. Walijua hatari, wakaenda, kwa sababu mama alikuwa akingoja.

Wahenga wetu walisema: Mwacha asili ni mtumwa. Mpenzi msomaji, wewe huzuiliwi na hoteli yo yote. Nani alikulipia ada ya shule akauza mbuzi wake wa mwisho? Nani alikuuguza? Labda anakaa mwendo wa saa moja tu, nawe hujakanyaga kwake tangu mlipogombana juu ya shamba. Unampelekea fedha kwa simu, nawe wadhani umemaliza. Fedha ni njema, atanunua sukari. Lakini wale tisa nao wangeweza kutuma salamu. Bwana aliuliza wako wapi, maana aliwataka wao wenyewe.

Ekaristi ni neno la Kiyunani, na maana yake ni shukrani. Kila Dominika twaitwa kwenye meza hiyo, nasi twaambiwa kwanza tupatane na ndugu, ndipo tutoe sadaka. Basi yule uliyemkumbuka uliposoma maneno haya, nenda kwake juma hili, angali hai. Ukifika, sema asante kabla hujaketi.