Asiyelala ni Mungu Peke Yake

Somo la juma hili ni 1 Wafalme 19:1-8, na swali lake ni hili: je, kuchoka ni dhambi?

Msicheke. Ukiangalia tunavyoishi hapa Meru na Embu, utadhani jibu ni ndiyo. Kijana akisema amechoka, anaitwa mvivu. Kwa hivyo hasemi. Anaingia dukani, anafungua friji, anatoka na mkebe. Nilimuuliza mwendesha bodaboda mmoja kwenye steji pale Embu mjini, mbona anakunywa enaji asubuhi na jioni. Akanijibu kwa heshima, "Pasta, hii si starehe. Loni ya nduthi hailali."

Hilo ni jibu la mtu mzima, na linastahili kufikiriwa. Kwanza tuseme ukweli kuhusu mkebe wenyewe. Red Bull ya mililita 250 ina miligramu 80 za kafeini, karibu sawa na kikombe cha kahawa, pamoja na sukari inayokaribia vijiko saba vya chai. Sisi ni wakulima wa kahawa na majani chai. Hatuwezi kusimama madhabahuni tukasema kafeini ni shetani, halafu ibada ikiisha tukapanga foleni ya chai. Lakini tujue inavyofanya kazi. Ukikaa macho, ubongo hukusanya kemikali inayokuambia umechoka. Kafeini inakalia kiti cha kemikali hiyo. Uchovu hauondoki, unanyamazishwa tu. Ni kama kubandika karatasi juu ya geji ya mafuta: huoni tangi likiisha, lakini pikipiki itazima tu.

Sasa, kama ni kafeini peke yake, si kijana angekunywa kahawa? Mkebe unauza kitu kingine. Kampuni hiyo ilianza kuuza kinywaji chake Austria mwaka 1987, na matangazo yake huahidi mabawa. Ina timu yake ya magari ya Formula 1 tangu 2005. Mwaka 2012 ilimpandisha Felix Baumgartner karibu kilomita 39 angani, akajirusha chini dunia ikitazama. Kijana wetu wa Maua hanunui maji na sukari. Ananunua kufanana kidogo na watu ambao, kwa kuwatazama, hawachoki.

Watu hao ndio tunaowaona kwenye zulia jekundu. Machi 2014 Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, alipita kwenye zulia la Oscar akashinda tuzo, nasi tukashangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini picha ile ni ya dakika chache. Haionyeshi miaka ya shule iliyo nyuma yake. Anayeitazama kwa simu saa nane usiku anaona ung'avu tu, kisha anajilinganisha na uso wake kwenye kioo.

Kuna hadithi ya kale ya Wagiriki kuhusu zulia la namna hiyo, katika tamthilia ya Aeschylus iitwayo Agamemnon, iliyoigizwa mwaka 458 kabla ya Kristo. Mfalme anarudi kutoka vitani, mkewe anamtandikia vitambaa vyekundu. Yeye anasita, kwa sababu heshima hiyo ni ya miungu, si ya binadamu. Anashawishiwa, anakanyaga, na ndani ya nyumba anauawa. Hata watu wasioijua Torati walielewa kwamba ni hatari mwanadamu kujifanya hana mipaka.

Neno linatuambia katika Zaburi 121 kwamba anayetulinda hasinzii wala halali. Hiyo ni sifa ya Mungu. Si sifa ya mwendesha bodaboda, si ya mwanamuziki, wala si ya mchungaji.

Tumtazame Elia. Katika sura ya 18 ameshinda Karmeli mbele ya taifa zima, kisha akakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Huyo ndiye mtu mashuhuri wa siku hiyo. Sura inayofuata, yuko jangwani chini ya mti, anaomba afe. Mungu anafanya nini? Hamkemei. Hampi maono papo hapo. Anamwacha alale, anamtuma malaika na mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Safari ya siku arobaini kwenda Horebu ilikuja baadaye.

Na sisi kanisa je? Tunamsifu ndugu anayefanya kazi mbili na hakosi kesha. Mgeni rasmi akija kwenye harambee tunamtandikia zulia, huku mama aliyeamka saa tisa usiku kupika akikaa nyuma kabisa. Vijana wanasoma mahubiri hayo pia, hata kama hatukuyahubiri.

Siwezi kumwambia yule kijana wa steji alale tu. Loni ni ya kweli. Lakini mkate wa Elia uliletwa na malaika aliyetumwa. Kumhukumu anayebeba mkebe ni rahisi. Kazi iliyo ngumu ni kumpunguzia mzigo unaomfanya auhitaji.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kila ushirika wa nyumbani umtafute mtu mmoja kati yenu asiyelala, mkae naye, mwangalie hesabu zake, na mkiweza mchange mumlipie siku moja ya loni ili apumzike. Na katika kesha la Ijumaa, wanaoendesha magari na pikipiki alfajiri waende nyumbani saa nne usiku, na mtu yeyote asiwaite vuguvugu. Mungu atabaki macho.

Amina.