Kasoro Chini ya Zulia

Ndugu zangu, baba mdogo anauza Mercedes-Benz 280 CE ya milango miwili, aina iliyoundwa kati ya 1977 na 1985. Imeegeshwa hapa Bukoto, inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Fedha zake ndizo zitakazolipa ada yangu. Lakini chini ya zulia la dereva, sakafu imeliwa na kutu. "Wasipouliza, usiseme," ameniambia. Je, kunyamaza ni uongo?

Katika hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) alitia mkono kwenye lundo la chakula, akakuta unyevu ndani. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione. Lundo lenyewe lilikuwa limeshasema uongo. Rangi yetu nayo inamwambia mnunuzi: na chini ni hivi hivi. Kung'arisha gari si dhambi. Kung'arisha ili kufunika kasoro ndiyo hadaa. Ndiyo maana fiqhi humpa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa.

Nimemjibu kwa adabu: mteja akija, nitainua zulia. Bei ikishuka, ada itasubiri. Nikiilipa kwa kuficha kutu, mlango huu wa biashara nitausoma kwa uso gani?