Je, Shikamoo Isiyotoka Moyoni ni Unafiki?



Kijana mwenzangu, leo tujiulize swali ambalo lilinisumbua sana likizo iliyopita. Kama nina hasira na mtu, nikimsalimia kwa heshima si nitakuwa namdanganya? Wengi wetu jibu tunalo tayari: "Mimi unafiki siwezi. Nikikukasirikia utaniona usoni." Tena tunajisifu kabisa. Hata mimi nilijisifu hivyo, mpaka mama aliponisahihisha.

Ilikuwa hivi. Baba yetu alipofariki, mdogo wake alianza kulima sehemu ya shamba letu bila kumwuliza mama. Msimu wa kwanza alipanda maharage, tukanyamaza. Msimu wa pili akapanda migomba. Aliyekulia kijijini anajua maana yake: mtu akipanda migomba, hana mpango wa kuondoka. Mimi nikiwa seminarini habari hizo nilizisikia kwa simu tu, nikawa nameza hasira.

Niliporudi likizo, Jumapili moja tukitoka kanisani tulikutana naye njiani. Mama akamsalimia, "Shemeji, habari za asubuhi?" Mimi nikaangalia pembeni, nikapita. Nilijisikia vizuri mno. Nikajiambia, angalau mimi si mnafiki.

Tulipofika nyumbani mama hakunigombeza. Alichochea moto, akabandika chai, ndipo akasema: "Frateri, shamba ni letu, hilo kweli. Lakini shikamoo ya baba yako mdogo si mali yako. Usimnyime."

Nilitaka kubisha. Nina digrii ya falsafa, maneno ya kubishia hayanipungukii. Lakini sentensi ile ilinikaa kooni. Inawezekanaje salamu ninayoitoa mimi, kwa mdomo wangu, isiwe mali yangu?

Jibu nililipata niliporudi seminarini, kwa Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 114, anaizungumzia fadhila ya kuishi na watu kwa uungwana, katika maneno na katika matendo. Kilichonishtua ni mahali alipoiweka: chini ya fadhila ya haki. Kwa hiyo adabu ni deni. Hakuna atakayekupeleka mahakamani kwa kutosalimia, lakini ni deni la kweli, maana bila hilo watu hawawezi kuishi pamoja. Mama hajawahi kuishika Summa, lakini alikuwa ameshaisema.

Tomaso anakutana hata na hoja yetu ya unafiki. Anauliza: kumwonesha dalili za urafiki mtu asiye rafiki yako, si ni kujifanya? Anajibu kwamba kwa asili kila mtu ni rafiki wa kila mtu, kwa upendo fulani wa jumla, na dalili za nje zinautaja upendo huo. Hatudanganyi, kwa sababu hatumwambii mgeni kwamba tunampenda kama mwandani wetu.

Hebu basi tuipime shikamoo yangu. Inasema nini? Inasema, "Wewe ni mkubwa wangu, nimekuona, nakuheshimu kama mtu." Haisemi, "Nimefurahia migomba yako." Je, mimi niliamini kwamba yule ni baba yangu mdogo? Niliamini. Kumbe pale njiani mwongo nilikuwa mimi. Nilipita kana kwamba mahali pale hapana mtu, na mtu alikuwepo.

Mwanafalsafa Immanuel Kant naye aliufananisha uungwana wa kila siku na chenji ndogo. Kila mtu anajua si dhahabu, lakini ukiitumia kwa muda mrefu, taratibu huzaa hisia za kweli. Tukisubiri moyo upoe ndipo tusalimiane, kuna familia hazitasalimiana mpaka msibani.

Sasa tumtazame Bwana wetu. Soma Luka 7:36-50. Yesu amealikwa chakula na Simoni Mfarisayo. Simoni hakumpa maji ya kunawa miguu, hakumsalimu kwa busu, hakumpaka mafuta kichwani. Tungedhani Mwana wa Mungu hana habari na vitu vidogo kama hivyo. Lakini alivihesabu kimoja kimoja na kumtajia Simoni, kwa sababu vilionesha upendo ulikuwa mdogo kiasi gani. Chakula kilikuwepo mezani, aliyekosekana ni mwenyeji.

Halafu kuna miguu. Wanaolijua Kiswahili hutuambia kwamba shikamoo maana yake ni "nashika miguu yako." Alhamisi Kuu Yesu hakuishia kulitamka neno. Alichukua beseni akaishika miguu ya wanafunzi wake, na Yuda alikuwa bado hajatoka. Saa chache baadaye Yuda akamsalimu kwa busu. Hapo ndipo unafiki unapoonekana: kuichukua alama ya upendo ukaifanya silaha. Anayemsalimia mtu aliyemkosea huku akipambana na hasira yake hajafanya alichofanya Yuda. Yuko karibu zaidi na yule mwenye beseni.

Lakini tuelewane, maana neno adabu limetumiwa vibaya pia. Wapo vijana walioambiwa wanyamaze "kwa heshima" wakati mtu mzima anawaumiza. Hiyo si adabu. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu (Yohane 18:22-23) hakutukana, lakini pia hakunyamaza. Aliuliza kwa nini anapigwa. Kama kuna mtu anakudhuru, hudaiwi ukimya. Sema, tena mwambie mtu anayeweza kukusaidia.

Basi, kabla likizo haijaisha nilikutana na baba mdogo dukani. Moyo ulikuwa bado unachemka, sitaki kukudanganya. Nikasema, "Shikamoo baba." Alinitazama kidogo. "Marahaba mwanangu. Masomo yanaendaje?" Yakaishia hapo. Shamba halijarudi, na migomba inaendelea kukua. Lakini juzi mama amenipigia kuniambia kwamba kikao cha ukoo kimepangwa, na baba mdogo amekubali kuja. Nitakuwepo, na haki ya mama nitaidai kwa sauti inayosikika. Nitaanza na salamu.

Kwetu vijana deni hili liko kila mahali. Liko kwa konda wa daladala, kwa dada anayetuletea chai, kwa mlinzi wa geti tunayempita tukiwa na simu sikioni. "Lete chai" na "naomba chai" bei yake ni moja, lakini katika moja kuna mtu na katika nyingine kuna mkono tu unaoleta kikombe. Marehemu Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, alizikumbusha familia maneno matatu: kuomba ruhusa, asante na samahani. Ni maneno mepesi, mpaka utakapotakiwa kumwambia mtu fulani uliyemnunia.

Wiki hii mtafute huyo mmoja. Huna haja ya kujifanya mmepatana. Msalimie tu, kwa jina lake au kwa cheo chake katika ukoo.

Tuombe: Ee Bwana Yesu, wewe usimamaye mlangoni mwetu na kubisha hodi, ijapokuwa nyumba ni yako, utufundishe kubisha hodi katika maisha ya wenzetu. Utupe ujasiri wa kudai haki bila kumnyima mtu yeyote heshima yake. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.